Darasa la ngoma la Mjomba, Mikindani: maoni ya mama aliyepeleka watoto wawili

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo Magomeni, Mtwara mjini, na nina watoto wawili: wa kiume ana miaka 15, wa kike miaka 11. Wote wanakwenda Mikindani kila Jumamosi kujifunza ngoma kwa mzee mmoja ambaye pale mtaani wanamwita Mjomba. Mkubwa ametimiza mwaka na miezi 2, mdogo wake alimfuata baada ya mfungo. Kina mama wanaoleta sare za shule kwangu hawaishi kuniuliza: wanajifunza kweli au wanakwenda kucheza? Wanalipa ngapi? Huyo mzee ni wa kuaminika? Nimejibu huku nashona, nimejibu sokoni, nimejibu kwenye msiba. Leo nimekaa niandike yote.

Kwanza niseme kilichonifikisha huko. Kijana wangu, kama vijana wengi wa huku, alikuwa na Harmonize kichwani asubuhi na jioni. Simlaumu hata kidogo. Mtu aliyezaliwa Chitoholi, Tandahimba, akatoka akaenda Dar es Salaam, leo Afrika Mashariki nzima inaimba nyimbo zake, na bado anajiita Konde Boy. Sisi wa rika langu tulipokwenda Dar tulikuwa tunaficha kwamba ni Wamakonde maana tulichekwa. Mtoto wa Mtwara atamtazama nani mwingine?

Basi nikachukua hela niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya kununua jora la kitambaa, nikampeleka studio moja ambayo sitaitaja. Shilingi 80,000. Kijana akaingia kwenye chumba chenye matrei ya mayai ukutani, akaimba mara 2, akaambiwa imetosha. Wimbo ulipotoka sauti haikuwa yake. Mashine ilikuwa imeivuta na kuilainisha mpaka mimi niliyemzaa sikumtambua. Tukavumilia, tukasema labda ndivyo muziki wa sasa ulivyo. Miezi 2 baadaye yuko kibandani kwangu anapiga pasi, bajaji ikapita inapiga wimbo wa kijana mwingine kabisa, na biti ni ile ile, mdundo kwa mdundo. Aliweka pasi chini, akasimama mlangoni mpaka bajaji ikapotea. Halafu akazima redio yangu. Wiki nzima hakutaka kusikia muziki nyumbani. Hilo liliniuma kuliko zile 80,000.

Habari za Mjomba nilizipata kwa mteja wangu anayeuza samaki, mwanawe alikuwa anasoma huko. Mikindani ni kilomita kama 10 kutoka mjini, unapanda daladala, unashuka, unatembea kidogo kuelekea ndani, kwenye zile nyumba kongwe za mawe. Darasa lenyewe ni uwanja wa mchanga nyuma ya gofu moja, chini ya mwembe. Hakuna bango, hakuna viti. Kuna mikeka 3, ngoma zimeegemezwa ukutani, na jiko la mawe matatu lisilo na sufuria.

Kuhusu hilo jina. Msomaji wa mbali anaweza kudhani ni jina la utani tu, lakini huku kwetu Umakondeni mjomba ni mtu mzito. Ukoo wetu unafuata upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, kwenye jando, kwenye ndoa, kwenye ugomvi. Mzee huyu anawaita wanafunzi wake wote wapwa, wa kike na wa kiume, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, hata mtoto mmoja wa Kichaga ambaye baba yake alihamishiwa kazi hapa. Na anawakanya kama wapwa. Nilipomsalimia mara ya kwanza, shikamoo, akaitikia, hakuniuliza hela wala jina. Aliuliza, "Huyu mpwa wangu anaamkaje asubuhi? Anaamshwa au anaamka?" Nikasema anaamshwa. Akatikisa kichwa kama daktari aliyepata jibu alilotarajia.

Siku ile nilikaa kwenye mzizi wa mwembe nitazame. Nilidhani mtoto atapewa ngoma. Alipewa tita la makuti makavu na kiberiti. "Washa, mpwa wangu. Moto usiwe mkubwa." Basi. Na Jumamosi 3 mfululizo kazi ya kijana wangu ikawa hiyo, moto. Mara ya pili nilikasirika kimoyomoyo, nikahesabu nauli. Mara ya tatu nikasogea karibu, nikaona kinachofanyika, hasira ikaisha.

Ngozi ya mbuzi haipatani na unyevu. Mikindani ghuba iko pale pale, jioni upepo unapanda kutoka majini, na ngoma iliyoachwa nje saa moja tu inalegea. Ukiipiga inatoa sauti kama unapiga godoro. Ili irudi inabidi ioteshwe moto. Lakini ukizidisha moto ngozi inapasuka, na ngozi ni hela. Makuti yanafaa kwa sababu yanawaka haraka na kuzimika haraka, na kwa sababu hiyo hiyo hayakupi nafasi ya kuzubaa. Kijana anashika kinganga, ile ngoma ndogo, kwa mguu wa ngoma yenyewe, anauelekeza uso wa ngozi kwenye mwali, anauzungusha taratibu, anautoa, anagonga katikati kwa kidole kimoja. Tu. Anarudisha. Anazungusha. Anagonga tena. Ti. Anasogeza sikio. Nyuma yake kinganga cha pili kimeshakaa sawa, na hiki anachokiotesha lazima kifike pale pale kilipo kile, kisipite. Mjomba amekaa mgongo umeelekea moto, anamenya ming'oko anakula, hatazami kabisa. Ghafla anasema, "Umepita." Kijana anaweka ngoma kivulini ipoe kidogo, anaanza upya.

Kwa wasiozijua: vinganga ni zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka. Unauchomeka mguu mchangani, ngoma inasimama yenyewe. Ngozi imekazwa kwa vigingi vidogo vya mti kuzunguka mdomo, na zinapigwa kwa fito 2 nyembamba. Kazi yake ni kuushika mwendo bila kukatika, na ngoma kubwa zinazopigwa kwa viganja ndizo zinazozungumza juu yake. Kinganga kikiyumba, wachezaji wote wanapotea miguu. Kwa hiyo mtoto anaanza na moto, anahamia kinganga, anakaa huko miezi, na ngoma kubwa anaikaribia akiitwa. Kijana wangu ameitwa kwenye likuti, moja ya hizo ngoma kubwa, mwezi wa nane tangu aanze. Wapo waliokaa mwaka.

Sasa mama atauliza, moto na kugonga kwa kidole vinamsaidia nini mtoto? Nijibu kwa kilichotokea kibandani kwangu. Alikuwa amekaa sakafuni anaandika kazi ya shule, mimi nashona. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama, cherehani yako inachechemea." Nikamwambia afanye kazi zake aache maneno. Akasema, "Sikiliza. Inakwenda vizuri, halafu inajivuta, halafu inakwenda." Nikakanyaga taratibu nisikilize, na kweli. Mkanda wa ngozi ulikuwa umelegea, unateleza kwenye gurudumu. Wiki 2 nilikuwa nalaumu magoti yangu kwamba yamezeeka. Nikafungua mkanda, nikakata kipande kisichofika upana wa kidole, nikauunga, cherehani ikawa nyepesi kama mpya. Mtoto huyu mwaka uliopita ulikuwa unamwita mara 4 ndipo anageuka.

Wimbo wa studio nao una hadithi yake. Mjomba hakumsema vibaya Harmonize wala mwanamuziki yeyote wa Bongo Fleva. Nimemsikia akisema kuimba ni kuimba. Kijana alipomweleza kisa cha biti, mzee alinyamaza kidogo, halafu akamwambia auimbe ule wimbo pale pale, bila simu. Kijana akaona haya. Mjomba akawaambia wawili wa vinganga waanze polepole, mmoja wa likuti aingie akiona inafaa. Kijana akaanza, sauti ikakwama, akaanza tena. Mstari wa pili wenzake wakaitikia, maana kibwagizo kilikuwa chepesi. Nilikuwa nimesimama na kikapu changu, nilikuja kumchukua tu. Ilikuwa sauti yake. Ile ile aliyokuwa akiimba akioga tangu mdogo, ina mkwaruzo kidogo mwishoni kama ya babu yake. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Baada ya hapo, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi, Mjomba aliwakalisha wale wakubwa, wa miaka 14 kwenda juu, akawaeleza habari za hakimiliki. Kwamba ipo sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwamba ipo COSOTA ya kusajili kazi, na BASATA ya kumsajili msanii mwenyewe. Kwamba kabla hujatoa hela studio unauliza biti ni ya nani na unaandikishana. Aliwapa mfano wa fundi cherehani, akanitazama mimi: "Mteja akileta kitambaa chake, gauni ni la nani? Na fundi akitoa kitambaa chake, je?" Watoto walielewa palepale. Mimi mwenyewe nililipa 80,000 bila kuuliza swali hilo, nami nauza magauni.

Mzee mwenyewe ametokea wapi? Alisoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kile kilichoanza mwaka 1981 na ambacho siku hizi kinaitwa TaSUBa. Bagamoyo ndiko alikokuwa marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo mpiga ilimba na zeze aliyeipeleka sauti ya Dodoma dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2003, na Mjomba akimtaja hushusha sauti yake kama tunavyofanya tukiwataja wazee wetu waliotangulia. Alirudi kusini akalima korosho. Darasa analiendesha kwa kuwa, kwa maneno yake, "ngoma zilikuwa zinaota kutu." Ngoma hazioti kutu, lakini nilimwelewa.

Sindimba anafundisha kwa muda mrefu kuliko ngoma nyingine, na analo jambo nayo. Baada ya uhuru sindimba ilichukuliwa na kikundi cha taifa cha ngoma, ikaenea mashuleni, ikawa nchi nzima inaijua, hata asiyewahi kumwona Mmakonde anakata kiuno akisema ni sindimba. Mjomba anafurahi kwamba ilifika mbali. Kinachomsikitisha ni kukatwa: mgeni rasmi amechelewa, kikundi kinaambiwa dakika 3, watoto wanaruka kiuno, wanapigiwa makofi, wanashuka. Kwake sindimba ina mwanzo wake, ina namna ya kuingia uwanjani, ina mahali pa kupumua, na mpiga ngoma na mchezaji wanaambiana kitu. Binti yangu alipokuja nyumbani akanionyesha namna ya kuingia tu, bila kiuno, dakika 10 nzima, nilishangaa kwamba mimi niliyecheza sindimba shule ya msingi sikuwahi kufundishwa kuingia.

Kuhusu jando na unyago, najua baadhi ya wazazi wana wasiwasi, na mimi nilikuwa nao. Nilimuuliza wazi. Alisema nyimbo za mafunzo haziimbwi pale uwanjani, na midimu, yaani ngoma ya vinyago, haifundishi kwa watoto waliochanganyika, kila kitu kina mlango wake na wenye ufunguo wapo. Akaishia hapo, sikumchimba. Kwangu jibu hilo lilitosha kabisa. Mtu anayejua cha kutofundisha namwamini kwa anachofundisha.

Suala la wasichana kwenye ngoma lilileta maneno. Bibi mmoja jirani wa pale alikuja kulalamika kwamba mtoto wa kike hakai nyuma ya ngoma. Mjomba hakubishana. Yupo dada mmoja mkubwa, mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi anasaidia kufundisha watoto wa kike; yeye ndiye aliyekwenda kukaa na yule bibi barazani, akamtajia Bi Kidude. Nani asiyemjua Bi Kidude? Fatuma binti Baraka, aliyepiga ngoma ya unyago Zanzibar mpaka uzeeni, ngoma kaifunga kiunoni, na alipofariki Aprili 2013 walikwenda kumzika mpaka viongozi wa nchi. Bibi akasema huyo ni wa Unguja. Dada akasema ndiyo bibi, lakini ngoma ni ya huku, msondo. Wakacheka. Siku hizi bibi anakuja na kigoda chake anakaa kutazama, na Jumamosi moja nilimkuta anamrekebisha mtoto namna ya kuitikia.

Nisisahau kipande cha mpingo. Mjomba anacho kimoja, kirefu kama kiganja, cheusi, anawapitishia watoto washike uzito wake. Anawaeleza kwamba mti huu wetu, unaoota hapo Lindi, wilaya ya Kilwa, ndio unaotengenezewa klarineti na obo zinazopigwa Ulaya, na kwamba mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC cha kuvuna msitu kwa utaratibu, ili gogo likiuzwa wenye msitu waone faida yake. Binti yangu akauliza klarineti inalia vipi. Mjomba simu hazitaki darasani, ni sheria ya kwanza. Siku ile alitoa yake mwenyewe mfukoni, akatafuta, akaiweka katikati ya mkeka. Watoto 20 na kitu wameinamisha vichwa juu ya kisimu chenye kioo kilichopasuka. Binti yangu akasema inalia kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Kila tukipita kwa wachonga vinyago sasa anataka kunusa magogo.

Sasa nije kwenye yaliyonikera, maana yapo.

Muda. Darasa linatangazwa saa 10 jioni, baada ya Alasiri. Kuanza hasa ni 10:40, siku nyingine saa 11. Wanaokaa Mikindani hawaoni shida. Sisi wa mjini mtoto akikosa daladala ya mapema anafika nyumbani giza limeingia, na kwa binti hilo sikubaliani nalo. Nimemwambia Mjomba mara 3. Sasa anawaruhusu wa mjini nusu saa kabla ya wengine, lakini ina maana wanakosa mwisho, ambapo ngoma zote zinaingia pamoja. Naomba tu waanze saa 10 kamili.

Choo. Hakuna. Wanatumia cha nyumba ya jirani, jirani ni mwema, lakini watoto zaidi ya 20 kwa choo cha familia ya mtu ni wengi. Tulipoitana wazazi kuchanga, tukapata nusu ya kilichotakiwa, tukaishia hapo. Hilo ni letu sisi wazazi kuliko la mzee.

Vyombo ni vichache. Vinganga viko 6, vizima 5. Mtoto asiye na subira atateseka. Na kama mwanao anataka gitaa au kinanda, hapa hatapata. Gitaa lipo moja la nyuzi 4, linashushwa siku za sherehe.

Msimu. Kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza, Mjomba anakwenda shamba kwake kwa wiki kadhaa na darasa linabaki kwa wasaidizi. Mwezi wa Ramadhani ngoma zinafungwa kabisa, na hilo ni sawa, tunajua tangu mwanzo. Ila la Oktoba liliwahi kuleta tatizo. Mmoja wa wasaidizi, kijana mdogo tu, alimpiga mtoto wa miaka 9 mkononi kwa fito ya kinganga kwa sababu alikosea mara nyingi. Mwanangu alinisimulia. Niliacha kupeleka watoto wiki hiyo, na wazazi wengine 2 nao. Mjomba aliporudi alikuja mpaka kibandani kwangu Magomeni, kwa daladala, mzee wa umri ule. Hakusema shetani alimpitia kijana. Aliomba radhi, akaniambia alichoamua: yule msaidizi atawasha moto Jumamosi 4 kama mwanafunzi mpya, halafu atakwenda na yeye nyumbani kwa mtoto kuomba radhi mbele ya wazazi wake. Nilikwenda kuhakikisha. Jumamosi ya kwanza nilimkuta kijana amechuchumaa, macho mekundu kwa moshi, anageuza kinganga, na yule mtoto wa miaka 9 amesimama pembeni anamwambia, "Umepita." Watoto wangu wakarudi.

Bei. Shilingi 1,000 kwa Jumamosi, asiyenayo analeta makuti au anasaidia kufagia. Risiti hakuna, lipo daftari. Daftari hilo nimeliona likifanya kazi, na ningependa kila mtu anayeshika hela za watoto wa watu alione. Walialikwa kwenye harusi, wakapata 150,000. Kesho yake watoto waliokwenda, 13, walikalishwa kwenye mkeka, hela ikamwagwa katikati, akaihesabu mtoto wa darasa la tano kwa sauti. Wakatoa 20,000 ya ngozi mpya, zikabaki 130,000, kila mmoja 10,000, mpiga likuti na mbeba maji sawasawa. Mjomba mwenyewe hakuchukua. Kijana mmoja mkubwa akanung'unika kwamba yeye amefanya kazi kuliko wadogo. Mjomba akamwambia, "Sawa mpwa, safari ijayo nenda peke yako uone harusi itachezwa na nani." Kijana akanyamaza, akachukua 10,000 yake. Ya mwanangu aliniletea nzima, akaniambia ni ya kwanza katika zile 80,000. Nimeiweka kwenye boksi la vifungo, sijaitumia.

Kwa hiyo nyota 4 kati ya 5. Ile moja naishika mpaka waanze kwa wakati na choo kipatikane. Choo nimesema nitakianzishia mchango tena mwenyewe, safari hii nikipita nyumba kwa nyumba badala ya kuita kikao.

Ukiamua kumpeleka mwanao, usimvalishe nguo nyeupe. Moshi wa makuti unaacha rangi ya chai ambayo sabuni haiitoi, nimejaribu mpaka ndimu na jua. Kaptura ya khaki ni nzuri. Mpe maji yake na kipande cha kanga cha kukalia, mchanga jioni unakuwa na siafu. Simu iache nyumbani. Ukifika muulize mtu yeyote "kwa Mjomba wa ngoma," utaonyeshwa. Na ukiona amepewa kiberiti badala ya ngoma, usiseme kitu, kaa kwenye mzizi wa mwembe. Upande wa kushoto kuna kivuli zaidi.